Kamboja: Ushuru haukagui kiwanda

Mhariri,

Wanaotaka mataifa makubwa yatumie ushuru kulinda wafanyakazi wa nchi maskini waitazame kwanza Kamboja, kwa kuwa huko njia zote zimeshajaribiwa.

Mwaka 1999 Marekani iliahidi kuiongezea nchi hiyo mgawo wa kuuza nguo, yaani kiasi kinachoruhusiwa kuingia soko la Marekani, hadi asilimia 14 kwa mwaka, endapo mazingira ya kazi yangeboreka. Kuanzia 2001 wakaguzi wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wakaingia viwandani kukagua malipo, saa za ziada na milango ya dharura. Kiwanda kilichoonywa kikashindwa kujirekebisha kilitajwa kwa jina. Hapo ndipo mwenye kiwanda alipoumia, maana mnunuzi wa ng'ambo alisoma.

Mfumo wa mgawo ulifutwa duniani mwanzoni mwa 2005. Wakaguzi walibaki, ila kutaja majina kulisimamishwa na kurejea 2014 tu.

Agosti 2020 Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa ushuru kwa takriban sehemu moja ya tano ya bidhaa ambazo Kamboja iliuza Ulaya, kutokana na ukandamizaji wa kisiasa na wa uhuru wa kujieleza na kujumuika. Serikali haikulegeza kamba. Ilizidi kuisogelea China, na mkataba wao wa biashara huria ukaanza Januari 2022. Lakini China huiuzia Kamboja vitambaa. Nguo zenyewe hununuliwa zaidi Marekani na Ulaya. Oda zikipungua, anayerudishwa nyumbani ni mshonaji. Ushuru wa Marekani wa 2025, uliotangazwa asilimia 49 kisha ukashushwa hadi 19, ulipigiwa hesabu ya pengo la biashara. Mshonaji hakuwamo.

Uonevu mkubwa umejificha kwenye mkataba wa ajira wa miezi mitatu au sita. Mshonaji akishika mimba au akijiunga na chama, hafukuzwi. Mkataba ukiisha, haandikiwi mwingine, na kwenye faili hakuna kosa lolote. Ndiyo maana hakatai saa za ziada hata akiwa hoi, na mkaguzi akimhoji mbele ya msimamizi, atasema mambo ni shwari.

Kwa hiyo masharti ya soko yagusie hapo: vipindi vyote vya mkataba vijumlishwe, na anayefikia ukomo wa kisheria wa mikataba ya muda apewe ajira ya kudumu, mahojiano yafanyike nje ya kiwanda, majina ya wakaidi yaendelee kutangazwa. Anayetii aongezewe soko, kama ilivyokuwa kabla ya 2005.