Kaka, vile vidonge vinne vilikuwa vya Idrisa

Glasgow, 14 Desemba

Mama, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, presha imetulia na mguu umepungua kuuma. Mimi ni mzima. Baridi ipo, kazi ipo, hayo tuyaache.

Zuhura, ichapishe hii pale steshenari kwa Mpemba, umsomee mama baada ya isha, polepole, na Kaka Shabani awepo. Sitaki apelekewe habari nusunusu. Kaka, shikamoo. Sehemu kubwa ya barua hii ni yako. Naiandika kwa heshima, lakini nimeumia na lazima niseme.

Kwanza hela. Nimetuma laki mbili na nusu kwenye namba ya Zuhura. Mama uliomba laki tatu. Hamsini iliyobaki itakuja mwisho wa mwezi. Hiyo ni ya hospitali ya mtoto wetu Idrisa, siyo ya bati. Bati tutaongea Januari. Na chumba cha uani msimamo wangu ni ule ule: kodi ni ya mama, hata kama mpangaji ni rafiki wa Kaka.

Sasa lililonikaa kooni. Ule ujumbe wa sauti wa kwenye kikao nimeusikiliza mara nne. Kaka, sauti ni yako: "Mdogo wangu amekwenda Ulaya kufuga malaria, miaka mitatu, na mtoto wetu anaugua hapa hapa Vingunguti." Shangazi Mwajuma akacheka. Mama, wewe ukanyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kulikonichoma zaidi.

Ni kweli nafuga, hapa maabara. Kila siku, Jumapili na sikukuu, nawabadilishia chakula vimelea wangu, wale viumbe wadogo mno wanaoleta malaria, nawawekea damu mpya iliyochangwa na watu, nawarudisha kwenye joto la nyuzi 37, lile lile la mwili wa mtu. Idi ile mliyonipigia sikupokea, nilikuwa nao. Kabla ya mwaka 1976 hakuna aliyeweza kuwaweka hai muda mrefu nje ya mwili. Ndipo watafiti wawili, Trager na Jensen, huko New York, wakawaweka kwenye chombo cha kioo pamoja na mshumaa unaowaka. Mshumaa ukila hewa ya oksijeni unazimika, na ile hewa iliyobaki ndiyo kimelea anayoipenda. Mshumaa, Kaka, kama ule tunaowasha umeme ukikatika. Dawa nyingi zinazotafutwa leo hujaribiwa kwanza kwenye vimelea waliofugwa hivyo. Asiyewafuga atawajuaje?

Mama, wewe utanielewa kwa hamira. Ile hamira unayoumulia maandazi ni viumbe hai, kila chembe ni kiumbe kizima, na ndani yake ina kiini kinachotunza urithi wake, kama seli ya mwili wako. Kimelea cha malaria nacho kiko hivyo hivyo, seli moja yenye kiini. Siyo bakteria. Ndiyo maana kukiua bila kumdhuru mgonjwa ni kazi kubwa: kinafanana na sisi mno. Hamira inachipua kitoto ubavuni na kuendelea na maisha. Huyu wa malaria hana maisha mepesi namna hiyo. Anabadilika umbo kutoka kiungo hadi kiungo, na kila umbo lina kazi yake.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na Kaka, kwa hiyo Zuhura soma taratibu.

Mbu jike akimuuma Idrisa, anaacha pamoja na mate yake vimelea wembamba kama uzi. Hao wanakimbilia kwenye ini. Wanakaa humo kama wiki moja, mtoto anacheza, anakula, hana homa hata kidogo, kumbe kimelea mmoja ndani ya seli moja ya ini anajigawa na kuwa maelfu. Wakitoka wanaingia kwenye seli nyekundu za damu. Nikipaka rangi ya Giemsa kwenye slaidi, kimelea mchanga naona amekaa ndani ya seli kama pete yenye kito kimoja. Anakula ile damu nyekundu kutoka ndani, anaacha takataka nyeusi, anajigawa. Baada ya saa 48 seli inapasuka, wanatoka kati ya 16 na 32, kila mmoja anatafuta seli yake. Ile homa ya kutetemeka, mama, ile ya blanketi tatu, inakuja wanapopasuka pamoja.

Kaka, Idrisa ana kilo ishirini. Dozi yake ya mseto, dawa ya malaria, ni vidonge viwili, mara mbili kwa siku, siku tatu. Jumla kumi na viwili. Siku ya pili jioni alikuwa ameshaomba chipsi na anakimbizana na watoto wa Bi Mwanahawa, ukaona amepona. Ukachukua vidonge vinne vya siku ya tatu ukaviweka juu ya kabati la vyombo, "akiba, vitafaa siku nyingine". Najua ulifanya kwa kubana matumizi, najua hali. Lakini ndani ya mseto mna dawa mbili. Moja inapiga kwa nguvu na kuisha mwilini ndani ya saa chache, hiyo ndiyo iliyomwinua. Ya pili inakaa mwilini siku kadhaa, na kazi yake ni kuwamaliza waliobaki. Ukiikata dozi unawaachia hao waliobaki.

Tuseme walibaki mia moja tu mwili mzima, hakuna kipimo cha zahanati kingewaona. Na tuseme kati ya wote wanaotoka kwenye kila seli, kumi tu ndio wanafanikiwa kuingia nyingine. Siku mbili, elfu moja. Siku nne, elfu kumi. Siku nane, milioni moja. Siku kumi na mbili, milioni mia. Idrisa alianza kutapika siku ya kumi na sita, mama akakodi bajaji usiku. Mkasema ni malaria mpya, mkalaumu mbu wa bondeni kwenye matuta ya mchicha. Huenda mbu wapo, kweli. Lakini kwangu mimi, kwa hesabu hiyo, Idrisa alirudiwa na malaria ile ile.

Na kuna jambo hata zahanati hawakuwaelezeni. Kimelea akikaa mwilini muda, baadhi yao wanaacha kujigawa na kugeuka madume na majike. Hawa wanajificha kwenye uboho wa mifupa siku kama kumi, kisha wanatoka kwenye damu wakiwa na umbo la mwezi mwandamo. Hawamuumizi mgonjwa. Wanasubiri mbu. Kwa hiyo Idrisa anakaa barazani hana homa, mbu anamnyonya, na baada ya wiki mbili mbu yule yule anaingia kwa Bi Mwanahawa kwenye kitanda cha mtoto mchanga.

Mama, hao wenye umbo la mwezi ndio walionishinda miezi saba. Kila nikiwafuga wanakufa kabla hawajakomaa. Kulikuwa na mwenzetu mmoja hapa aliyesema mbele ya watu kwamba mikono yangu haifai kazi hii. Sikumjibu. Mwezi uliopita walikomaa.

Nikachukua tone, nikalitoa kwenye joto la 37 nikaliweka kwenye ubaridi wa chumba, nikaongeza asidi fulani ambayo mbu anayo tumboni mwake. Kimelea kwa hizo dalili mbili anajua ameshatoka kwa mtu. Nikainamia hadubini. Dakika kumi hakuna kitu. Kisha mmoja akaanza kuviringika na kutikisika, seli za damu pembeni yake zinasukumwa huku na huku kama watu kwenye pantoni la Kigamboni. Mara akapasuka, zikachomoka nyuzi, zinachapa maji, pweza mtupu, kama pweza aliyekamatwa pale Feri anavyorusha mikono. Dume mmoja ndani ya dakika hizo chache anaunakili urithi wake mara tatu, viwili, vinne, vinane, na kutoa mbegu nane. Nililia, mama. Profesa akaja akaangalia, akaita wengine, wakapanga foleni kwenye hadubini yangu, na yule mwenzetu akapanga naye. Picha yake ya video ilioneshwa kwenye mkutano wa idara na jina langu lilisomwa zima, jina la baba likiwemo.

Kitu hicho hicho ndicho alichokiona Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, kule Constantine, Aljeria, tarehe 6 Novemba 1880, kwenye damu ya askari. Kwa zile nyuzi zinazochapa akajua kwamba ni kiumbe hai. Na Ross, daktari Mwingereza, akamwona kimelea ndani ya tumbo la mbu, India, Agosti 1897. Mwaka huo huo wa 1897 Robert Koch, daktari Mjerumani, alifika hapo hapo Dar es Salaam, akaendelea hadi 1898, akichunguza malaria kwenye damu za watu wa pwani. Kaka, uliposema kikaoni kwamba malaria haisomewi Ulaya, mji wetu umo kwenye habari hii kabla babu hajazaliwa. Nataka siku moja nirudi nifanye kazi hii huko huko, siyo kwenye mji ambao Desemba saa kumi jioni ni giza na malaria haipo.

Usiku huwa nasikia vikombe vya muuza kahawa vinagongana. Najua si kweli, ni mabomba ya joto. Hata hivyo nainuka.

Shangazi Mwajuma, wewe uliyecheka, nina habari yako na utaipenda. Ndani ya kimelea cha malaria mna kitu kidogo chenye utando wa tabaka nne, sisi tunakiita apikoplasti. Kinatokana na mwani mwekundu. Zamani mno, babu wa kimelea alimeza seli ya mwani wa jamii hiyo, hakuisaga, akakaa nayo. Huo mwani unaoufunga kwenye kamba Mlingotini maji yakikupwa, nao ni mwani mwekundu, hata kama kwa macho unauona wa kahawia au kijani. Ni wa ukoo huo. Kile kilichomo ndani ya kimelea kimeshasahau jua, hakiwezi tena kutumia mwanga kutengeneza chakula, lakini kinamtengenezea mwenyeji wake vitu ambavyo bila hivyo hawezi kuishi. Kuna dawa, kama doksisaiklini, zinazopiga hapo hapo. Kimelea aliyeguswa na dawa hiyo anaendelea kwanza, watoto wake ndio wanaokufa. Nilipoielewa hiyo nilikuwa peke yangu maabara, nikakuona kabisa umeinama na kanga imeloa hadi magotini.

Nitumie mwani mkavu kidogo, shangazi. Mkono mmoja unatosha. Mtoto wa Mzee Kitwana anakuja Januari, mpe yeye.

Kaka, klorokwini unaikumbuka, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima. Kwetu iliachwa mwaka 2001 kwa sababu kimelea alishaizoea. Iliyofuata nayo akaizoea, ndipo ukaja mseto. Sasa dalili za kuizoea ile dawa ya kwanza ya mseto, inayopiga kwa nguvu, zimeshaonekana Rwanda na kwetu Kagera. Sisemi ni wewe. Nasema sina nyingine ya kuwatumia.

Zuhura, Idrisa ametolewa Jumatatu baada ya sindano na amepewa mseto upya. Mpe maziwa au chakula chenye mafuta kidogo kila akinywa, dawa inaingia vizuri zaidi. Nataka picha ya pakiti ikiwa tupu. Na vile vinne vya juu ya kabati vishushe leo, uvirudishe zahanati, Kaka akiwepo anaona.

Mama, sijakasirika nawe. Siku nyingine wakinicheka sema neno moja tu.

Nisalimie Bi Mwanahawa, muulize mtoto wake yuko vipi.

Mwanao,
Rehema