Kwa vijana wa steji: tumwite nani?

Wajukuu zangu wa bodaboda hapa Jinja,

Ubishi wenu wa juzi umenifikia. Abiria kaitwa "We Mhindi, twende!", akagoma kupanda, akawajibu kwa Kisoga safi kwamba yeye ni mtu wa hapa. Tangu siku hiyo mnaogopa kufungua mdomo. Mmoja anataka tuseme Mwasia, mwingine "Mganda mwenye asili ya India". Hiyo kabla hujaimaliza, abiria keshapanda pikipiki ya mwenzako.

Mhindi si tusi. Tukisimulia nani alijenga maghorofa ya Main Street, yale yenye majina na miaka kwenye paji la uso, tutasema Wahindi, na hakuna wa kununa. Tusi lilikuwa kwenye ile "we". Abiria wengine mnawaita ssebo, nnyabo, mzee, mama. Yeye kakosa nini? Na wale wa "jihindi" na "kihindi kile", huko mmeshamtoa mtu kwenye ngeli ya watu. (Wanaosema "mahindi" waende wakachome, wale.)

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Redioni tuliambiwa Wahindi wanamkama ng'ombe bila kumlisha, wakapewa siku 90 za kuondoka nchini. Tulikimbiza basi lao tukiimba "Mhindi, nenda!" Dirishani alikaa mwenzangu wa kucheza gololi. Jina lake nilikuwa nalo mdomoni miaka yote, ila siku hiyo nilimwita Mhindi kama wengine. Alinitazama mpaka basi likakata kona.

Ikafika 1979, Idi Amin, rais aliyewafukuza, kaanguka, zamu ikawa yetu Wanubi. Babu zetu waliletwa na Mwingereza Lugard mwaka 1891 wakiwa askari wa Kisudani, lakini mtaani tuligeuka "Anyanya", jina la waasi wa kusini mwa Sudan, na "watu wa Amin", hata sisi ambao hatukuwahi kushika bunduki. Aliyenionyesha kidole nilikuwa nimesoma naye dawati moja. Leo Katiba inawataja Wanubi miongoni mwa makabila ya Uganda, na bado naulizwa kwetu hasa ni wapi.

Chotara acheni kabisa. Nililitamka mara moja mbele ya mama wa mtoto. Alimbeba mwanawe akaondoka, chai ikapoa mezani.

Yule abiria ana duka la spea, mnanunua kwake plagi kila wiki. Nendeni mkamwombe radhi, mkamuulize jina. Mimi nalijua, ila siwaambii.

Babu yenu wa Walukuba