Alovera si ya kila kidonda

Mhariri,

Kila yanapoandikwa makala kuhusu dawa za mimea za kupaka kwenye vidonda, ushauri huwa ni uleule: kata jani la alovera, paka, utapona. Hausemi ni kidonda gani wala jani liandaliwe vipi, na wagonjwa wanaumia kwa hayo mawili yasiyosemwa.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina, yakipakwa alovera, yalipona takriban siku 9 mapema kuliko yale ya kundi la kulinganishia. Mmea huohuo ulijaribiwa mwaka 1991 kwa wanawake waliopasuliwa tumbo na mishono yao ikafumuka, kidonda kikalazimika kujiziba chenyewe kutoka chini. Waliopakwa jeli ya alovera walichukua wastani wa siku 83 kupona, ilhali waliotunzwa kwa njia ya kawaida walichukua siku 53. Basi anayesema alovera inaponya vidonda, na anayesema haiponyi, wote wamesema nusu ya jambo.

Kwa aliyeungua kidogo, ngozi ikawa nyekundu bila kupasuka, dawa ya kwanza ni maji. Sehemu hiyo iwekwe chini ya maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu isitumike, kwa sababu hubana mishipa ya damu na kuongeza madhara. Alovera inafuata baada ya hapo. Chagua jani la nje lililokomaa, lioshe kwa sabuni na maji safi, ulikate karibu na shina, kisha lisimamishe sehemu iliyokatwa ikiwa chini kwa dakika 10 hadi 15. Utaona utomvu wa manjano ukichuruzika. Huo si dawa ya kidonda. Unatoka chini tu ya ganda, una kemikali iitwayo aloini, na ndio unaowasha ngozi na kuleta vipele ambavyo watu huvidhania ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ukiisha kuchuruzika, kata miiba ya pembeni, menya ganda lote, suuza ute unaong'aa uliobaki hadi usione tena rangi ya manjano. Jaribu kidogo kwenye ngozi nzima ya mkono kwa ndani na usubiri saa 24 kabla ya kupaka pengine. Ute uliobaki utupwe, maana karibu wote ni maji na huharibika haraka.

Hata ukiandaliwa vizuri hivyo, ute wa jani bichi hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu. Malengelenge yasipasuliwe ili kuupitisha, na kidonda kilicho wazi kisipakwe.

Utomvu wa papai bichi nao una kimeng'enya cha papaini, kinachoyeyusha protini, na ndiyo maana umetumika kuondoa nyama iliyokufa kwenye vidonda. Lakini mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dawa za kupaka za papaini zisizoidhinishwa ziondolewe sokoni, baada ya taarifa za mzio mkali ulioshusha shinikizo la damu na kuyapeleka mapigo ya moyo mbio. Hizo zilikuwa dawa za kiwandani zenye kipimo. Utomvu wa jikoni hauna kipimo chochote.

Linalotisha zaidi ni majani yaliyotwangwa na kukandikwa juu ya kidonda. Vumbi la udongo hubeba mbegu za vijidudu vya pepopunda, nazo hustahimili hata maji ya moto. Kandiko likikauka huziba hewa, na vijidudu hivyo hustawi pasipo na hewa. Chini yake usaha hauonekani, na likibanduliwa hung'oka pamoja na nyama mpya iliyoanza kuota.

Kidonda cha msumari, cha kuumwa na mnyama, cha mguu wa mgonjwa wa kisukari, au kilichozungukwa na wekundu unaoenea, kisisubiri jani lolote. Kisafishwe kwa maji mengi safi, kifunikwe kwa shashi, mgonjwa apelekwe hospitali na aulizwe mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda ilikuwa lini.

Ombi langu, Mhariri: makala ya namna hii yakiletwa mezani kwako, mwandishi atakiwe kutaja aina ya kidonda, namna ya kuandaa mmea, na dalili za kuacha kupaka. Akishindwa kutaja, yasichapishwe.

Mfamasia