Wanaapolo wa Mirerani wasisahauliwe

Mhariri,

Ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti Mirerani ulizinduliwa Aprili 2018 ili kudhibiti utoroshaji wa madini. Nauunga mkono kabisa. Ila hali ya wanaapolo, yaani wachimbaji wanaofanya kazi chini ya mashimo hayo, inaniuma. Wengi wanashuka mashimoni bila mshahara, kwa chakula na ahadi ya mgawo siku jiwe likitoka. Lisipotoka, miezi inakwenda bure, na mama lishe waliowakopesha nao wanakwama. Vumbi la huko chini, tena, linaharibu mapafu. Serikali isimamie mikataba ya maandishi na bima ya afya kwa kila mwanaapolo. Na inapopanga mustakabali wa Mirerani, wachimbaji wenyewe wawemo kikaoni, si wamiliki wa vitalu peke yao.

Msomaji,
Arusha