Kunyoosha mto ni kuhamisha mafuriko

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kuchimba na kunyoosha mito ya Dar es Salaam ili kuzuia mafuriko. Nyuma ya nyumba yetu kuna kijito kinachoingia Mto Msimbazi. Kona yake ilipokatwa kwa katapila tulishukuru. Mvua za masika zilipofika, majirani wa upande wa chini wakaanza kumegewa kiwanja. Mwembe wao sasa mizizi inaning'inia hewani.

Mto ukinyooshwa hufupika, mteremko huongezeka, maji hushika kasi na kula kingo, kisha mchanga hutuama penye tambarare, kama eneo la Jangwani katika bonde la Msimbazi. Huko Florida, Marekani, Mto Kissimmee wenye kilomita 166 ulinyooshwa kati ya 1962 na 1971, ukabaki mfereji wa kilomita 90. Bonde lilikauka, ndege wa majini wakapungua sana. Kazi ya kuurudishia sehemu ya kona zake ilianza 1999, ikakamilika 2021.

Nashauri wahandisi wapime mto mzima, kuanzia vilima vya Pugu hadi baharini, kabla ya kugusa hata kona moja, na bonde liachiwe nafasi ya kupokea maji.

Mkazi wa bonde la Msimbazi,
Dar es Salaam