Kaka hataki kuachia nafasi, na kila nikimgusia ananitajia Manning

Shikamoo shangazi. Mimi ni Mkenya, nina miaka 31, naishi Aurora, Colorado, pembeni mwa jiji la Denver. Jambo la kaka yangu mkubwa linaninyima usingizi, na kwa kuwa huku kila ninayeweza kumwendea ni rafiki yake au anacheza naye, nimeona nikuletee wewe.

Tuna timu ya Jumapili ya futiboli ya Kimarekani, ile isiyo ya kugongana. Ukinyofolewa kitambaa cha kiunoni umeshakabwa. Kaka ndiye aliyeianzisha, na ndiye kwotabeki wetu, yaani yule anayeushika mpira mwanzo na kuamua ampe nani. Ana miaka 43. Kikosi napanga mimi, kwa sababu yeye mwenyewe alinikabidhi daftari akasema amechoka na lawama.

Shangazi, bega limekwisha. Zamani pasi yake ilitoka ikizunguka vizuri na kumkuta mtu kifuani. Siku hizi mpira unatoka ukiyumba, pua inainama kabla haujafika, na mabeki wa upande wa pili wanaungoja chini kama embe lililoiva. Kabla ya mechi anajipaka Kaluma mpaka gari zima linanuka, halafu ananiambia bega liko sawa, tatizo ni wakimbiaji hawakimbii. Wakimbiaji wenyewe wameanza kutoa udhuru wa kutokuja. Na benchi kuna kijana, wazazi wake ni watu wa Goma, mkono wake ni moto. Hajacheza hata robo ya mechi.

Nikimgusia suala la kupumzika, kaka ananijibu kwa jina moja tu: Manning.

Pengine mambo ya huku huyafuatilii, kwa hiyo nikueleze. Peyton Manning alikuwa kwotabeki wa Indianapolis Colts, kisha akapasuliwa shingo mara kadhaa, akakosa msimu mzima wa 2011, na mkono wake wa kurushia ukapungua nguvu. Colts wakamwacha, Denver Broncos wakamchukua mwaka 2012. Mwaka 2013 alitupa pasi 55 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, rekodi ya ligi, akatajwa mchezaji bora kwa mara ya 5. Ndiye aliyemfanya kaka aupende mchezo huu.

Halafu ukaja msimu wa 2015, akiwa na miaka 39 na mguu unaouma unyayoni. Tarehe 15 Novemba, dhidi ya Kansas City, alivunja rekodi ya Brett Favre, kwotabeki wa zamani, ya jumla ya yadi za pasi, yaani umbali ambao timu imesogea kwa pasi zake. Mechi ikasimamishwa, watu wakampigia makofi. Siku hiyohiyo alirusha mipira 20, ikashikwa na wenzake 5 tu, kwa yadi 35, na 4 ikanaswa na wapinzani. Kocha Gary Kubiak akamtoa, akamwingiza kwotabeki wa akiba, Brock Osweiler. Kusherehekewa na kutolewa uwanjani kwa mchana mmoja! Mimi ningekuwa yeye ningejificha mwaka mzima.

Lakini kaka hapo hapataji. Anataja Januari 2016, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Manning alipoingizwa kutoka benchi mambo yakiwa yameharibika, Denver wakawashinda San Diego 27 kwa 20. Na anataja Februari 7, waliposhinda Super Bowl, fainali ya ligi, dhidi ya Carolina, 24 kwa 10. “Walimzika, akafufuka, akabeba kombe,” ananiambia. “Wewe unataka kunizika kabla sijafa?”

Nami mechi ile niliiona. Manning alipata yadi 141 tu za pasi. Kombe lilibebwa na safu ya ulinzi, na mchezaji bora wa siku alikuwa Von Miller, aliyemwandama Cam Newton, kwotabeki wa Carolina, mpaka akamnyang'anya mpira. Manning alijua mkono haupo, akacheza kwa kichwa: anamkabidhi mkimbiaji, hajitutumui, anawaachia walinzi kazi. Na Machi 7 akatangaza kustaafu. Sasa kaka anataka ule mwisho wa Manning huku akirusha mipira mirefu kana kwamba bado ni 2013, na ulinzi wetu, kusema kweli, ni wa watu waliotoka zamu ya usiku.

Nikimweleza hivyo ananiambia nimesomea ubishi. Na ndiye aliyenilipia huko kusoma! Tiketi ya ndege iliyonileta huku ni yake, karo ya miaka ya kwanza ni yake, na chumba nilichofikia kilikuwa chake, yeye akalala kochini. Kubiak hakuwahi kulipiwa karo na Manning. Hilo ndilo linanifunga mdomo kila ninaposhika kalamu kuandika kikosi.

Nilifikiria kumpigia Mzee kule Voi aongee naye, lakini Mzee anadhani tunacheza raga, na isitoshe akisikia bega linauma atamkataza hata kazi ya lori, tuzue jingine. Mke wa kaka naye anasema nimwache, kwamba Jumapili ndiyo siku pekee anayomwona akicheka.

Sitaki aondoke kwenye timu. Nataka aanze yule kijana, na kaka akae kando amfundishe, aingie dakika za mwisho tukiwa tunaongoza. Ila sijui namwambiaje mtu aliyenilea. Nimfuate nyumbani peke yangu kabla ya mechi, au nitafute mtu mzima wa rika lake tuende wawili? Na akikataa katakata, bado nimwandike kijana, au nimrudishie kaka daftari lake?

Mdogo mtu,
Aurora, Colorado