Barua kwa mwanangu: haya zako na sindano zako

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Tabia yako haikukuletea ugonjwa wa sukari. Aina ya 1, ile uliyo nayo, huja kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mpole huipata, mkali huipata. Ila katika kuishi nayo kila siku, tabia ina mkono.

Wewe una haya. Tuseme umealikwa kwa watu Kadutu. Saa sita umejidunga ile insulini ya haraka ya chupa, inayotangulia chakula kwa dakika 30. Sahani inafika saa saba na nusu, nawe ulikuwa unaona aibu kuuliza. Mikono inatetemeka, jasho baridi linakutoka, maneno yanapotea. Kwa hiyo usidunge kabla hujaona maji ya bugari (ugali) yanachemka. Ukiwa na shaka, dunga sahani ikiwa mbele yako. Sukari itapanda kidogo, afadhali hiyo. Mfukoni weka sukari vijiko 4 vya chai, imefungwa vizuri. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 70 (mg/dL), imeze yote, ngoja dakika 15, pima tena. Na usiende kujificha chooni ili watu wasikuone. Ukizimia huko, nani atajua?

Wasiwasi wako ndio unaoninyima usingizi. Unaona 260 saa mbili baada ya kula, unaongeza dozi. Saa moja baadaye unaongeza nyingine. Ile ya kwanza bado iko kazini: nguvu yake hufika kilele kati ya saa 2 na 4 baada ya kudunga, na mabaki huendelea hata kwa muda wa saa 8. Dozi zinapandana, sukari inaanguka usiku wa manane umelala. Andika saa na uniti kwanza, ndipo uamue. Tena, hofu nayo hutetemesha na kutoa jasho kama sukari iliyoshuka. Pima kabla ya kuamini mwili. Kama bandeleti (vile vijikaratasi vya kupimia sukari) hakuna, kula sukari tu.

Kupenda kwako daftari la vipimo ni bahati. Lakini ukiruka siku mbili, usilitupe lote kwa hasira, kama unavyofanya kwenye hesabu ukikosea namba moja.

Chupa ikifunguliwa, iandike tarehe. Baada ya wiki 4 itupe, hata ikibaki nusu (najua itakuuma).

Bandeleti zikibaki kumi, nitumie ujumbe. Usingoje nikuulize, maana nakujua, utanyamaza.

Mama yako